Daftari Halisemi Mpaka Liulizwe: Eileen Power na Watu wa Zama za Kati

Hotuba hii niliitoa hapa Moshi mbele ya walimu wa historia na wanafunzi wao wa kidato cha tano na cha sita. Wengi walikwama kwa mvua wakaniomba niwaandikie maneno yote. Haya hapa, kama nilivyoyasema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Ndugu Mwenyekiti, wakuu wa shule mliopo, walimu wenzangu, wanafunzi wetu, na wazazi mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kukaa nasi. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Nianze na kuku.

Zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, karibu na Paris, aliishi mkulima aliyeitwa Bodo. Mkewe aliitwa Ermentrude. Walikuwa na watoto 3. Ardhi waliyolima ilikuwa mali ya watawa wa abasia, yaani nyumba kubwa ya utawa, ya Saint-Germain-des-Prés. Abati wao, yaani mkuu wao, Irminon, aliagiza liandikwe daftari la mali yote ya abasia: kila shamba, kila kaya, kila deni. Humo ndani Bodo ana mistari michache. Ana kipande cha shamba, mizabibu kidogo na sehemu ya malisho. Anadaiwa shilingi 2 za fedha kwa ajili ya jeshi. Anadaiwa mapipa 2 ya divai ili nguruwe wake waruhusiwe kula msituni. Kila mwaka wa tatu atoe mbao 100. Kila wiki akafanye kazi kwenye shamba la watawa. Atoe kuku 3 na mayai 15. Na mwisho kabisa, anamiliki nusu ya kinu cha kusagia, nacho anakilipia.

Basi. Hayo ndiyo yote. Hakuna kaburi lenye jina lake, hakuna barua, hakuna sura. Nawauliza walimu wenzangu: ukipewa mistari hiyo, ungeifanyia nini?

Wasomi walikuwa wameisoma kabla. Walihesabu ukubwa wa mashamba, wakajumlisha siku za kazi, wakabishana kuhusu kodi. Kazi yao ilikuwa ya maana. Lakini mwaka 1924 mwanamke mmoja wa Kiingereza alitoa kitabu, na sura yake ya mwanzo ilikuwa ya Bodo. Anaanza asubuhi, majira ya kuchipua, siku za mwisho za utawala wa mfalme Charlemagne. Bodo anaamka mapema kwa sababu leo ni siku ya shamba la watawa, na anamwogopa nyapara. Pengine wiki iliyopita alimpelekea mayai na mboga ili kumtuliza moyo. Anamswaga dume lake kubwa la ng'ombe, na mwanawe Wido anafuata na fimbo. Nyumbani, Ermentrude naye anajiandaa. Leo ni siku ya kulipa: kuku mmoja aliyenona na mayai 5. Anamwachia mtoto wa pili, mwenye miaka 9, amlee mdogo wao wa kike, kisha anabeba kuku kwenda kwa nyapara. Nyapara anamshika kuku, anampapasa kuona kama kweli ana nyama.

Mmemwona Ermentrude sasa? Mimi nilimwona. Nilimwona kwa sababu namjua. Nimemwona sokoni Kiboriloni, nimemwona ameshika kuku kwapani huku mnunuzi akimpapasa kuku kifuani na kushusha bei.

Mwanamke aliyeandika kitabu hicho aliitwa Eileen Power, na kitabu kinaitwa Medieval People, yaani watu wa Zama za Kati. Habari yake ndiyo iliyonileta mbele yenu. Kwa miaka mingi nimesikia wenzetu wakisema kwamba anayeandika historia kwa ajili ya watu wote ameshusha kiwango, na kwamba msomi wa kweli huwaandikia wasomi. Maisha ya mama huyu yananiambia sivyo. Kumwandikia mtu wa kawaida historia ya mtu wa kawaida ni kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu lazima kwanza ulisome daftari kuliko wenzako wote, halafu ulifunge na useme.

Daftari halisemi mpaka liulizwe. Naomba mlishike neno hilo, maana nitalirudia.

Eileen Power alizaliwa Januari 1889, Altrincham, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mtu wa biashara ya hisa. Eileen akiwa bado mdogo sana, baba alifungwa kwa udanganyifu wa fedha. Fikirieni familia hiyo: mama kijana, mabinti watatu, na jina la baba limekuwa habari ya magazetini. Mama alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1903. Eileen, mkubwa wa wote, alikuwa na miaka 14. Mashangazi waliwachukua watoto wakawalea Oxford na kuwasomesha. Sisi hapa hatuhitaji kuelezwa shangazi ni nani. Wangapi humu ndani tumesomeshwa na shangazi?

Akaingia Girton, chuo cha wanawake pale Cambridge, akapata daraja la kwanza katika historia, sehemu zote mbili za mtihani. Mwaka ulikuwa 1910. Je, alipewa digrii? Hakupewa. Cambridge wakati ule iliwaruhusu wanawake wakae darasani, wafanye mtihani uleule, wafaulu kuliko wanaume, lakini digrii kamili haikuwa yao. Wasichana mlioketi huku mbele, lisikieni vizuri jambo hili. Mtihani uleule. Daraja la kwanza. Digrii hakuna.

Alikwenda Paris, kwenye École des Chartes, shule inayofundisha kusoma hati za kale. Hapo ndipo alipopata ufundi wake. Hati za Zama za Kati haziandikwi kama gazeti. Maneno yamekatwakatwa ili kuokoa ngozi ya kuandikia, Kilatini kimechanganyika na lugha ya mtaani, na kila karani ana mwandiko wake. Ukitaka kumsikia Ermentrude ni lazima kwanza uweze kumsoma karani. Hakuna njia ya mkato. Wengi wanapenda ile hadithi ya kuku na mayai, wanasahau miaka aliyoinama juu ya ngozi hizo.

Mwaka 1920 alipata ufadhili wa Albert Kahn wa kuzunguka dunia, akiwa mwanamke wa kwanza kuupata. Alipita Misri, India, China, Japani. Akiwa India alihudhuria mkutano wa chama cha Congress mjini Nagpur, wakati Gandhi anawashawishi wenzake wakatae kushirikiana na serikali ya kikoloni. China aliipenda maisha yake yote. Naamini safari hiyo ilimkata kamba moja shingoni. Kabla yake alikuwa msomi wa historia ya masista wa Kiingereza. Aliporudi, alijua kwamba Ulaya ya Zama za Kati ilikuwa pembe moja tu ya dunia kubwa. Ndiyo maana katika kitabu chake, baada ya Bodo, anamleta msafiri Marco Polo, anatuonyesha Venice ya mwaka 1268 na upande wa pili wa dunia miji ya China iliyoipita miji yote ya Ulaya kwa ukubwa na usafi.

Na sisi je? Mwalimu mmoja aliniuliza hapo mlangoni kama sisi tumo katika kitabu hicho. Hatumo. Nasema wazi ili mtu asinunue akitafuta Kilwa. Lakini zama zile ni zama zetu pia. Msafiri Ibn Battuta alishuka Kilwa mwaka 1331 akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na kasri la Husuni Kubwa lilikuwa limesimama juu ya mwamba likitazama bahari. Tuna tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha habari zake za kale, inayotaja masultani mmoja baada ya mwingine. Swali la Eileen Power tungelileta hapo lingekuwa hivi: yule aliyepika wali wa siku ile alikuwa nani? Aliyechonga matumbawe ya ile kuta alilipwa nini? Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vya vyungu, shanga na vipande vya sahani za China. Daftari la Kilwa ni vigae. Nalo halisemi mpaka liulizwe.

Alipokuwa bado safarini, Chuo cha Uchumi cha London, LSE, kilimpa kazi. Akahamia London mwaka 1921, na mwaka uliofuata akatoa kitabu chake kikubwa cha kitaalamu, Medieval English Nunneries, kuhusu nyumba za watawa wa kike wa Uingereza. Ni kurasa karibu 700. Nawaomba mnivumilie hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ilipo siri yake.

Maaskofu wa zamani walikuwa na desturi ya kukagua nyumba za watawa. Askofu anafika na karani wake. Anamwita kila sista peke yake chumbani, na anamuuliza: kuna nini hapa? Na sista anasema. Karani anaandika. Mwalimu yeyote aliyewahi kukaguliwa anajua kinachosemwa katika chumba cha namna hiyo! Mkuu wa nyumba haonyeshi hesabu za fedha. Paa linavuja kanisani. Pombe ya nafaka ni nyepesi kama maji. Fulani ana wapendwa wake. Fulani analala wakati wa sala za usiku. Maneno haya yalikaa katika madaftari ya maaskofu kwa miaka mia nyingi. Walioyasoma kabla yake walitafuta ushahidi: wengine kuwashutumu masista, wengine kuwatetea. Yeye alitafuta sauti.

Akakuta, kwa mfano, mbwa. Mwaka 1387 Askofu William wa Wykeham aliwaandikia masista wa Romsey akilalamika kwamba wanaleta kanisani ndege, sungura na mbwa wa kuwinda, na kuwashughulikia hao kuliko zaburi. Akakuta ile imani ya watu wa zamani kuhusu shetani mdogo, Tittivillus, anayezunguka makanisani na gunia mgongoni akiokota silabi zote ambazo watawa wamezimeza kwa haraka wakati wa kuimba sala. Akakuta na kisa hiki. Mwaka 1298 Papa Boniface wa nane alitoa waraka kwamba watawa wa kike wasitoke nje ya nyumba zao. Katika jimbo la Lincoln, askofu alifika kwenye nyumba moja akawasomea waraka, akawaachia nakala, akapanda farasi. Masista wakamkimbilia hadi langoni, wakamtupia waraka kichwani.

(Hapa ukumbi ulicheka sana, na masista wetu wawili waliokuwa safu ya tatu walicheka kuliko wote.)

Angalieni alichofanya. Daftari lile liliandikwa na askofu, kwa faida ya askofu. Masista hawakuwa na kalamu. Lakini kwa kuwa askofu alikasirika akaandika kwa nini alikasirika, tumewapata. Daftari la Bodo liliandikwa na mdai. Bodo hakuwa na kalamu. Lakini kwa kuwa mdai alitaka mayai yake 15, tumempata na mkewe. Na yuko mzee mmoja tajiri wa Paris, mnamo miaka ya 1390, aliyemwandikia mkewe kitabu kizima cha mafunzo: namna ya kusali, kupika, kusimamia watumishi, kuua viroboto, kumwekea mume maji moto ya miguu anaporudi na matope. Mke alikuwa na miaka 15. Sisi leo tunapigania binti wa umri huo awe darasani, na mimi nilipoisoma habari hiyo nilisikia uchungu. Eileen Power alikitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza mwaka 1928. Anatuonyesha mzee akisema kwamba yeye atatangulia kufa, na kwamba mke ataolewa tena, kwa hiyo ni vizuri ajifunze ili mume wa pili asije akamlaumu yule wa kwanza kwa kumlea vibaya. Hata hapo kalamu iko mkononi mwa mume. Na hata hapo, kati ya amri na amri, unamwona msichana: anapenda kupanda maua, ameomba asikemewe mbele ya watu.

Mtaniruhusu niseme jambo la nyumbani. Babu yangu alikufa hajui kuandika ila jina lake. Alipofariki, tulikuta chini ya kitanda mkebe wa biskuti umejaa stakabadhi za kahawa. Jina, tarehe, kilo, daraja, shilingi. Kaka zangu walitaka kuzichoma pamoja na nguo kuukuu. Nikaziomba. Kwa miaka mingi zilikaa kwangu bila kusema kitu, kwa sababu sikuziuliza. Nilipomaliza sura ya Bodo nilizitoa mezani, nikazipanga kwa miaka. Kuna mwaka kilo zinashuka ghafla karibu hadi nusu. Nikamuuliza mama. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: huo ndio mwaka bibi yako aliougua, babu yako hakukanyaga shambani msimu mzima. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hilo. Babu alikuwa mkali, si mtu wa kusema mapenzi. Kilo zilisema.

Turudi London. Kuna watu watasema: huyu Power alikisia. Nani alimwambia kwamba Bodo alimwogopa nyapara? Swali ni zuri, na wanafunzi mnatakiwa muulize. Jibu langu ni kwamba alikisia akiwa ameshika ushahidi mkononi. Anapotuambia Bodo alisoma maneno ya kuwaita nyuki warudi mzingani kwa amani, ni kwa sababu maneno hayo tunayo, yameandikwa katika hati ya zama hizo. Anapotuambia aliimba na kucheza siku za sikukuu hata uani kwa kanisa, ni kwa sababu maaskofu walikataza tena na tena, na hakuna anayekataza lisilofanyika. Pale asipokuwa na hakika anasema pengine. Mimi ninaona kosa dogo: Bodo wake wakati mwingine ni mchangamfu kupita kiasi, na njaa haionekani sana. Mistari ya daftari ina jasho zaidi ya hapo. Lakini ni bora Bodo mchangamfu kidogo kuliko Bodo aliyekuwa jumla ya ekari.

Na usidhani alikuwa mtu wa hadithi tu. Mwaka huohuo wa Medieval People alitoa pia, pamoja na mwanahistoria R. H. Tawney, majuzuu matatu ya hati za uchumi wa Uingereza wa karne ya 16. Mwaka 1926 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Chama cha Historia ya Uchumi. Mwaka 1931 akawa profesa wa historia ya uchumi LSE. Mkono mmoja aliandika kwa ajili ya maprofesa, mkono wa pili kwa ajili ya watoto.

Watoto, ndiyo. Wazee mnakumbuka vipindi vya shule vya Redio Tanzania, tulivyojikusanya kuzunguka redio moja, mwalimu akitupungia fimbo tunyamaze? Uingereza walianza jambo hilo miaka ya 1920. Eileen na mdogo wake Rhoda waliandika vitabu vya historia kwa ajili ya watoto, halafu wakaingia BBC. Rhoda alitunga maigizo mafupi yenye sauti za farasi, kengele na masoko. Eileen aliongea. Profesa kamili wa chuo kikuu alikaa mbele ya kipaza sauti akazungumza na watoto asiowaona, waliokaa sakafuni vijijini. Sifikirii aliona ni kujishusha. Aliona ndiyo kazi. Baada ya vita vya kwanza vya dunia aliamini kwamba mtoto aliyefundishwa historia ya nchi yake peke yake ataletwa vitani kwa urahisi, na mtoto aliyefundishwa kwamba wakulima wa China, wa Ufaransa na wa Uingereza walihangaikia mvua ileile hatapelekwa kirahisi hivyo.

Lakini vita vilikuwa vinarudi. Hapa nataka twende polepole.

Mwaka 1938, siku za mkataba wa Munich, ambapo Uingereza na Ufaransa zilimwachia Hitler sehemu ya Chekoslovakia, aliandika insha kuhusu watu wa Roma waliokuwapo wakati dola yao inaanguka. Haikuchapishwa akiwa hai. Mumewe, mwanahistoria Michael Postan, aliiweka mwanzoni mwa Medieval People katika toleo la 1963. Ndani yake yumo Ausonius, mwalimu wa Bordeaux wa karne ya 4, mtu mwema, tajiri wa kiasi, anayependa mizabibu yake na mto wake. Aliandika mashairi kuwasifu walimu wenzake wa Bordeaux, mmoja mmoja. Yumo Sidonius Apollinaris wa karne ya 5, aliyeshiriki karamu, akacheza mpira, akaandikia marafiki barua nzuri, na akalalamika kwamba Waburgundi, moja ya makabila ya Kijerumani, waliokuja kukaa nyumbani kwake ni warefu mno, wanajipaka siagi iliyochacha nywelini na wananuka kitunguu. Mtu huyuhuyu baadaye akawa askofu wa Clermont, akalinda mji wake uliozingirwa, na mwaka 475 akaona umetolewa kwa Wavisigothi, kabila jingine la Kijerumani.

Eileen Power anauliza: kwa nini hawakuona? Walikuwa wamesoma. Walikuwa na akili. Kwa nini hawakuona? Na mojawapo ya majibu yake, walimu wenzangu, linatuhusu sisi moja kwa moja. Anasema ni shule. Shule zao ziliendelea kufundisha ufundi wa kusema maneno mazuri kuhusu mambo ya kale. Kijana alifunzwa kutunga hotuba ya shujaa aliyekufa miaka 500 nyuma. Mpaka wa dola ulivunjika, naye alikuwa anasahihisha silabi za shairi. Barabara zilikuwa nzuri bado, maji ya moto yalikuwapo bado, barua zilifika bado. Kwa hiyo walidhani kesho itafanana na leo.

Nilipoisoma sehemu hiyo niliziangalia kazi za wanafunzi zilizokuwa mezani kwangu. Zilikuwa majibu 60 yaliyofanana neno kwa neno, sababu 5 za hiki na matokeo 5 ya kile, zilizokaririwa kutoka kwa maelezo niliyowapa mimi mwenyewe. Nilikaa nazo muda mrefu.

Yeye mwenyewe hakukaa akisubiri. Ujerumani ilipoanza kufukuza wasomi wake, LSE ilikuwa miongoni mwa vyuo vilivyochangishana kuwasaidia, naye alikuwamo katika kazi hiyo. Vita vilipoanza mwaka 1939 chuo chote kilihamishiwa Cambridge, na yeye akahama nacho. Mwaka huohuo alikuwa ametoa mihadhara ya heshima ya Ford, pale Oxford, kuhusu biashara ya sufu. Alichagua kondoo! Alionyesha namna sufu ya mnyama huyo ilivyolipia vita vya wafalme na ilivyojenga makanisa. Na katika Medieval People alikuwa ameshatuonyesha namna ilivyomwezesha mfanyabiashara wa nguo za sufu wa Essex, Thomas Paycocke wa Coggeshall, kuwa na nyumba yenye herufi za jina lake zilizochongwa kwenye mbao. Nyumba hiyo imesimama hadi leo. Katika wosia wake Paycocke aliwakumbuka wasokotaji na wafumaji waliomfanyia kazi, na Eileen Power, kama mnavyomfahamu sasa, aliwatafuta hao.

Tarehe 8 Agosti 1940 alianguka ghafla London kwa ugonjwa wa moyo akafa. Alikuwa na miaka 51. Mihadhara ya sufu ilitoka mwaka uliofuata. Insha zake kuhusu wanawake wa Zama za Kati zilikaa hadi 1975 ndipo Postan akazitoa kitabu. Kwa miaka mingi jina lake lilitajwa kidogo sana vyuoni, kana kwamba kuandika vizuri kulimpunguzia usomi, mpaka mwanahistoria Maxine Berg alipoandika maisha yake mwaka 1996. Cambridge ilianza kuwapa wanawake digrii kamili mwaka 1948.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na naona wanafunzi wana maswali. Nakala mbili za Medieval People nimezileta, zipo pale mezani karibu na mlango, pamoja na stakabadhi tatu za babu ndani ya mfuko wa nailoni kwa anayetaka kuziona. Tafadhali msizitoe kwenye mfuko. Anayetaka kuazima kitabu aandike kwenye daftari lililopo hapo: jina lake, shule yake, na siku atakayokirudisha.

Ahsanteni sana.